Safari Hii Si Mara Hii: Maana na Asili ya Neno Safari kwa Kuzingatia Matumizi ya Unguja

Ikisiri

Makala haya yanachunguza neno safari, hususan maana yake inayojitokeza katika usemi safari hii. Yanahoji desturi mbili za kikamusi: ya kwanza ni kuishia kwenye asili ya Kiarabu, kana kwamba asili ya umbo ndiyo asili ya maana zote, ya pili ni kuielezea maana hiyo kwa kisawe mara na kuiacha hapo. Kwa kupima mazingira ya kisarufi ya maneno mara, zamu na safari, na kwa kuzingatia shughuli za shamba na za bahari katika kisiwa cha Unguja, makala yanadai kwamba maana hiyo ilikua katika Kiswahili chenyewe kutokana na safari kueleweka kuwa mzunguko kamili wa kwenda na kurudi. Kwa sababu hiyo, safari ina dhana ya ulinganisho ambayo mara haina.

1.0 Utangulizi

Mkulima wa Kizimbani anapotazama mikarafuu yake na kusema, "Safari hii zimezaa," hapana msikilizaji atakayemuuliza anakwenda wapi. Neno safari limetumika pasipo mwendo, pasipo chombo na pasipo abiria. Limetaja msimu. Tena halikuutaja msimu huo peke yake, bali limeuweka kando ya msimu uliotangulia, ambao pengine haukuzaa. Mkarafuu una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Kwa hiyo kauli hiyo fupi imebeba kumbukumbu nzima ya shamba.

Matumizi haya ni ya kila siku, na pengine wingi wake ndio uliosababisha yasichunguzwe. Wataalamu walioandika kuhusu maneno ya mkopo katika Kiswahili wamelichukulia neno safari kuwa mfano mwepesi: ni la Kiarabu, limeingia kwa njia ya biashara na dini, nalo lina maana ya mwendo wa kutoka mahali hadi mahali pengine. Maana ya pili hutajwa kama nyongeza. Makala haya yanashikilia kwamba nyongeza hiyo ndiyo sehemu ya neno inayotufundisha zaidi kuhusu Kiswahili, kwa kuwa ndiyo ambayo asili ya Kiarabu haiwezi kuifafanua peke yake.

Data ya msingi ni matumizi ya kawaida ya Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Mifano imetungwa kwa kufuata matumizi hayo, na alama ya nyota inaonesha tungo isiyokubalika katika maana inayokusudiwa.

2.0 Asili ya Umbo

Kuhusu asili ya umbo hakuna ubishi. Kiarabu kina nomino safar, yenye maana ya kusafiri au mwendo wa mbali, kutokana na mzizi wa konsonanti s-f-r. Kitenzi safiri kinalingana na Kiarabu safara chenye irabu ndefu katika silabi ya kwanza, na msafiri kinalingana na musafir. Wanaleksikografia wa Kiarabu wa zamani waliuhusisha mzizi huu na maana ya kufunua na kudhihirisha, na wakaeleza kuwa mwendo huo umeitwa hivyo kwa sababu hufunua tabia za watu. Maelezo hayo yanavutia, lakini ni historia ya Kiarabu na si ya Kiswahili. Mswahili aliyelipokea neno hakupokea pamoja nalo jamaa zake zote.

Ni vyema pia kuwaondoa jamaa wa kusingiziwa. Kiswahili hakitofautishi sauti mbili za Kiarabu, sin na sad, ambazo zote hutamkwa s. Kwa hiyo maneno yenye mizizi tofauti yamefanana. Safar, jina la mwezi wa Kiislamu ambao sisi twauita Mfunguo Tano, lina sad. Sifuri na sufuria nayo yanatokana na maneno yenye sad. La pili linahusiana na jina la shaba. Masafa, ingawa yanaandamana na safari katika mazungumzo, yanatokana na mzizi mwingine kabisa, s-w-f. Mwanafunzi anayeyakusanya maneno haya katika familia moja kwa kusikia mlio wake anaunda ukoo ambao haukuwapo.

Lililo muhimu zaidi ni jinsi neno lilivyofanywa la Kiswahili. Safari limeingia katika ngeli ya i-/zi-. Silabi ya mwanzo ya musafir imechukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya watu, na hivyo tukapata msafiri na wasafiri. Msafara umekwenda upande wa mti: msafara, misafara. Kitenzi kimepokea viambishi vya Kibantu na kuzaa safirisha, usafiri, usafirishaji na msafirishaji. Hakuna hata kimoja kati ya viambishi hivyo kilichotoka Arabuni. Ikiwa umbo limekubali kuzaliana kwa kanuni za Kibantu, hatuna budi kutarajia kwamba na maana nayo imezaliana papa hapa.

Wala neno halikuja kujaza pengo. Kiswahili kilikuwa na kitenzi -enda, ambacho kina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu. Wanyamwezi, waliokuwa mabingwa wa misafara ya karne ya 19, walikuwa na lugendo. Mwendo lipo hadi leo. Kilichotokea ni mgawanyo wa kazi. Mwendo limebaki na tendo la kwenda, kasi yake na namna yake: mwendo wa haraka, mwendo wa saa mbili, mwenendo wa mtu. Safari limechukua tukio zima, lenye mwanzo, makusudio na mwisho. Twasema "safari imevunjika", hatusemi "*mwendo umevunjika", kwa kuwa kinachovunjika ni mpango mzima na si hatua za miguu. Mgawanyo huu ndio ufunguo wa hoja inayofuata.

3.0 Mara, Zamu na Safari

Mapokeo ya kamusi za Kiswahili, kuanzia Steere (1870), Krapf (1882) na Madan (1903) hadi Johnson (1939), yalilenga kumsaidia mgeni afahamu neno kwa lugha yake. Kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili, kuanzia Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) hadi Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (2010), zilileta mageuzi makubwa, lakini kwa sehemu kubwa zilirithi muundo uleule: maana hupangwa kwa namba, bila ya kuonesha jinsi moja ilivyozaa nyingine. Katika muundo huo kisawe huwa njia ya mkato. Tatizo ni kwamba kisawe mara hakistahimili majaribio ya kisarufi.

Jaribio la kwanza ni la idadi. Twaweza kusema:

(1) Amegonga mlango mara tatu.
(2) *Amegonga mlango safari tatu.

Tungo ya pili inakubalika tu ikiwa mgongaji alikuja na kuondoka, akaja tena na kuondoka, hadi mara ya tatu. Hapo safari imerudi kuwa mwendo. Kinyume chake, safari hupokea kwa urahisi kionyeshi au kivumishi kinachoitofautisha na nyingine: safari hii, safari ile, safari ijayo, safari iliyopita.

Jaribio la pili ni la vielezi. Mara limezaa mara moja, mara nyingi, mara kwa mara, na hata mara tupu yenye maana ya ghafla. Safari halina hata kielezi kimoja cha namna hiyo. Linabaki kuwa nomino yenye uzito wake.

Jaribio la tatu, ambalo masikio ya Unguja huliamua bila ya kusita, ni la jozi hii:

(3) Mara hii umesharudi!
(4) Safari hii umerudi!

Mzungumzaji wa (3) anastaajabia upesi: hakutarajia aliyeondoka arejee haraka namna hiyo. Mzungumzaji wa (4) analinganisha: nyakati zilizopita hukurudi, au ulichelewa, au ulirudi mikono mitupu. Ikiwa maneno mawili ni visawe, jozi hii isingeweza kuwapo.

Jaribio la nne ni la dhana tangulizi. Mtu akisema, "Safari hii kajifungua mtoto wa kike," sote twafahamu kuwa mama huyo aliwahi kujifungua kabla. Kwa mzazi wa mara ya kwanza kauli hiyo haisemeki. Safari ya maana hii haiwezi kuwa ya kwanza. Lazima iwe na iliyoitangulia, nayo hiyo iliyotangulia lazima iwe inakumbukwa na wote wawili, msemaji na msikilizaji.

Neno zamu linasaidia kukamilisha picha. Mabaharia wa Kiarabu walikuwa na kipimo kiitwacho zam, sawa na saa tatu za kusafiri baharini, na kipimo hicho kinalandana kwa umbo na kwa maana na zamu yetu ya lindo. Zamu hugawa jambo baina ya watu: zamu yangu, zamu yako. Safari haigawi hivyo. "Safari yangu" ni mwendo wangu tu. Tunaweza basi kufupisha kwa kusema kwamba mara huhesabu matukio, zamu huyagawa kwa watu, na safari hulinganisha tukio moja na mengine ya aina yake yaliyotangulia.

4.0 Kutoka Mwendo hadi Mzunguko

Ulinganisho huo umetoka wapi? Kiarabu sanifu hakitumii safar kwa maana ya awamu. Hutumia marra, neno ambalo nalo linatokana na kitenzi cha kupita, na ndilo lililotupa mara. Kwa hiyo maneno yetu mawili ya awamu yote yalianza kuwa maneno ya mwendo. La kwanza lilikuja likiwa limekwisha kugeuka; la pili lilikuja na mwendo wake, likageukia huku.

Wapo watakaouliza kama mgeuko huo haukufanyika kwingineko kabla ya kutufikia. Kituruki kina sefer, kutokana na Kiarabu hichohicho, na bu sefer ina maana ya safari hii kama tunavyoisema sisi. Aidha, sefer hutumika kwa zile safari za ratiba za mabasi na feri. Lakini mfanano huo hauthibitishi mkopo, kwani Kituruki kimekwenda mbali kuliko Kiswahili: kinaruhusu sefer kuhesabu matukio yoyote, jambo ambalo mfano (2) unalikataa kwetu. Kiswidi, ambacho hakikuazima neno hili, kina gång, lenye maana ya kutembea na pia maana ya mara. Njia kutoka mwendo hadi awamu imepitwa na lugha nyingi, kila moja kwa miguu yake. La kuuliza ni mazingira gani ya Pwani yaliyoifungua njia hiyo kwa Kiswahili, na yaliyoifanya iishie ilipoishia.

Mazingira ya kwanza ni bahari ya pepo mbili. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi, vikarudi na kusi. Chombo kilichokosa upepo wake kilingoja. Kwa hiyo safari ya mbali ilikuwa mzunguko mmoja kwa mwaka, na kila safari ililinganishwa na ya mwaka uliopita kwa bidhaa, kwa faida na kwa roho zilizopotea. Baharia aliyesema, "Safari hii nimeleta tende," alisema mambo mawili kwa pamoja: katika mwendo huu, na katika awamu hii. Vivyo hivyo anayesema, "Safari ijayo njoo na watoto." Katika tungo kama hizi maana mbili zinakaa katika neno moja bila ya kugombana, na msikilizaji halazimiki kuchagua. Hapo ndipo maana mpya hupata nafasi ya kukua.

Mazingira ya pili ni biashara ya bara. Safari ya karne ya 19 kutoka Unguja kwenda Tabora, Ujiji na Manyema ilikuwa hesabu inayofunguliwa na kufungwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, na mhimili wa masimulizi yake ni safari hizo: kukopa bidhaa, miongoni mwa wakopeshaji wake akiwa Taria Topan, kwenda bara, na kurejea na pembe. Mkusanyo wa Velten wa mwaka 1901, Safari za Wasuaheli, nao unatumia neno hilo kwenye jina lake kwa maana ya matukio kamili yanayosimulika. Katika masimulizi ya namna hii safari haikamiliki kwa kufika. Hukamilika kwa kurejea na kutoa hesabu.

Mazingira ya tatu ni ya kazi za kila siku, nayo hayahitaji bahari wala bara. Gari ya ng'ombe inayobeba mizigo kutoka shamba hadi barabarani "hupiga safari" nne au tano kwa siku. Mchukuzi wa mchanga hulipwa kwa safari. Katika matumizi haya safari ni kipimo: kwenda na mzigo na kurudi bila mzigo ni safari moja. Hii ndiyo maana ya kati inayounganisha ncha mbili, na ndiyo ambayo fasili nyingi hazijaipa nafasi yake. Pasipo hiyo, kuruka kutoka "mwendo wa mbali" hadi "awamu" kunaonekana muujiza. Ikiwapo, kila hatua ni fupi: mwendo, mzunguko wa kwenda na kurudi, mzunguko unaohesabika katika mfululizo, awamu ya jambo linalojirudia. Methali isemayo kwamba safari moja huanzisha nyingine inakaa katikati ya njia hiyo. Humo safari tayari ni kiungo cha mnyororo.

Kwa mtazamo huu, kauli ya mkulima wa Kizimbani haina ugeni wowote. Mavuno ya karafuu, ya mwaka na ya vuli, yana sifa zote za mzunguko: huja, huisha, hurudi, na kila yanaporudi hupimwa kwa yale yaliyopita. Kizimbani ni miongoni mwa sehemu za kwanza za Unguja kupandwa mikarafuu, mwanzoni mwa karne ya 19, katika shamba la Saleh bin Haramil al-Abri, kutokana na mbegu zilizoletwa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa. Karne mbili za kungoja msimu zinatosha kulifundisha neno maana yake.

5.0 Mpaka wa Safari katika Kisiwa

Maana ya msingi nayo ina mipaka ambayo fasili ya "kutoka mahali hadi mahali pengine" haiioneshi. Mkaazi wa Kizimbani anayepanda daladala kuelekea Darajani kwa kawaida hasemi kwamba anasafiri. Anakwenda mjini. Aliye mjini naye anakwenda shamba. Lakini ukiambiwa kwamba fulani "amesafiri", bila ya maelezo zaidi, unafahamu kuwa hayupo kisiwani: yuko Pemba, Dar es Salaam, Maskati au mbali zaidi.

Mtu anaweza kudhani kuwa mpaka huu umewekwa na fikihi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Unguja, msafiri anayeruhusiwa kupunguza sala ni yule anayekusudia mwendo wa marhala mbili, takriban kilomita 80 na zaidi. Na kisiwa chote hakizidi sana urefu huo kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini. Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshelezi. Kutoka Unguja mjini hadi Dar es Salaam ni pungufu ya masafa hayo, na hata hivyo kila mtu huita safari. Aidha, Waibadhi, ambao kipimo chao cha masafa ni kifupi zaidi, nao hutumia neno hilo kama wenzao. Kwa hiyo kinachoamua ni kuvuka maji. Safari ya Mzanzibari huanzia bandarini, na siku hizi uwanja wa ndege pia.

Maana ya tatu, iliyozungukia ughaibuni na kurudi, inaupindua mpaka huu. Miongoni mwa waliolipeleka neno katika Kiingereza ni Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu maziwa ya Afrika ya Kati. Alichokiona yeye kilikuwa msafara: wapagazi, mizigo, mahema na bunduki. Baadaye bunduki zilizidi kuchukua nafasi, hasa baada ya Theodore Roosevelt kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909 na 1910. Kisha kamera zikachukua nafasi ya bunduki. Leo, katika lugha ya utalii, safari ni kutazama wanyama pori. Mgeni aliyeko Kizimbani akinusa mdalasini na kupakwa rangi ya mzingefuri anaambiwa yuko katika ziara ya viungo. Safari atauziwa kesho, Mikumi au Serengeti. Kwa mwenyeji, Kizimbani si safari kwa kuwa hakuna bahari iliyovukwa. Kwa mgeni, si safari kwa kuwa hakuna simba.

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Kijana anayeongoza wageni shambani huyatumia matumizi yote mawili kila siku, na hana taabu nayo. Anayeweza kupata taabu ni mtunga kamusi. Maana ya kiutalii ina mabango, kampuni na vitabu vya kuishuhudia. Maana ya mzunguko wa kazi na ya ulinganisho ina vinywa vya watu tu. Tukiandika kamusi kwa kufuata kilichochapishwa, ya kwanza itaingia kwa maelezo marefu na ya pili itaendelea kuitwa "mara". Neno litakuwa limefasiliwa kwa jicho la Arabuni upande mmoja na la Ulaya upande wa pili, na kazi iliyofanywa na wasemaji wenyewe baina ya pande hizo itakuwa haikuandikwa popote.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba asili ya Kiarabu ya neno safari inaeleza umbo na maana yake ya kwanza tu. Maana ya awamu ina masharti ya kisarufi yanayoitofautisha na mara na zamu, na masharti hayo yanaeleweka tukikubali kuwa ilipitia maana ya kati ya mzunguko wa kwenda na kurudi. Kwa msingi huo inapendekezwa kidahizo kipangwe kama ifuatavyo:

safari nm [i-/zi-] 1. mwendo wenye makusudio wa kwenda mahali pa mbali, hasa kwa kuvuka bahari au kutoka katika nchi; 2. (ya zamani) kundi la watu na mizigo walio katika mwendo huo, msafara; 3. mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi katika kazi au uchukuzi: piga safari tatu, 4. (kutokana na 3) awamu ya jambo linalojirudia, ikilinganishwa na zilizotangulia: safari hii karafuu zimezaa, 5. (katika utalii) ziara ya kutazama wanyama pori.

Majaribio ya sehemu ya tatu yametumia Kiunguja. Yanafaa kurudiwa katika Kimvita, Kiamu na Kipemba, na vilevile katika Kiswahili cha bara, mahali ambapo pepo za kaskazi na kusi hazikuwa na neno na pengine safari imeanza kuhesabu kama mara. Iwapo itathibitika hivyo, tutakuwa na ushahidi kuwa maana hii inaendelea kukua, na namba 4 itahitaji kugawanywa. Vilevile maneno mengine ya mkopo yanayokaa katika kamusi kwa alama ya asili na kisawe kimoja, kama vile zamu, msimu na awamu, yanastahili kupimwa kwa njia hiihii kabla ya toleo jingine kuchapishwa.